Mchanga Urudi Wote

Wapendwa, leo tumtazame mpagazi mmoja. Ni mama wa miaka thelathini na minne, mkazi wa kijiji kilicho chini ya mlima mrefu, ule ambao wengi wetu tunaujua kwa kuuona kwenye kalenda ya ukutani. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wageni wanaokwenda kileleni: mahema, meza, mitungi ya gesi, trei za mayai. Wapagazi wa kule wenyewe huitana wagumu, na hakuna aliyewahi kubeba meza kwa siku sita akalipinga jina hilo.

Sasa lipo jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Mpagazi hafiki kileleni. Anaishia kambi ya mwisho. Mgeni anaondoka na kiongozi wake, anafika juu, anapiga picha, anarudi. Mpagazi yuko kambini anachemsha maji. Mama huyu alipanda mlima ule miaka kumi na mmoja, safari zaidi ya mia, na hakuwahi kukanyaga kilele hata mara moja.

Siku moja, kwenye harusi ya jirani, mgeni kutoka mjini alikaa naye meza moja.

"Mama Mkunde, nasikia wewe ndiye mtu wa mlima hapa. Hivi kule juu kabisa kukoje?"

"Sijui."

"Hujui? Na miaka yote hii?"

"Sisi huishia kambini."

"Aa! Kumbe wewe ni mpishi wa harusi asiyeonja pilau!"

Meza nzima ikacheka. Mama naye akacheka, maana ungefanyaje? Lakini sahani yake hakuimaliza, na yule mgeni alipomgeukia tena amuulize jambo jingine, alikuta kiti kitupu.

Mwezi uliofuata likaja tangazo. Kulikuwa na msafara unaandaliwa kwenda kwenye mlima wa barafu, mbali sana kaskazini mwa dunia, nchi ambayo jua la kiangazi halizami hata usiku. Walitafutwa wanawake wawili kutoka upande ule wa mlima. Si wa kupika, si wa kubeba vya wengine. Wa kupanda mpaka juu. Kwa sababu kwenye mlima ule wa barafu hakuna wapagazi. Kila mtu anavuta chakula chake, hema lake na mafuta yake kwenye kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Wenyewe wanakiita sledi. Unafunga mkanda kiunoni, kamba mbili zinakwenda nyuma, na mzigo unakufuata.

Mama alisoma tangazo lile mara tatu. Majaribio yalikuwa baada ya miezi minne. Umri wa mwisho ulikuwa miaka thelathini na mitano. Akahesabu. Nafasi ile isingepita kwake mara ya pili.

Tatizo ni kwamba hakuwahi kuvuta kitu. Shingo yake ilijua mzigo, kichwa chake kilijua mzigo, kiuno hakikujua. Basi akamwendea fundi wa baiskeli, naye fundi akamkatia pipa la plastiki kwa urefu, nusu kwa nusu. Mkanda wa kiunoni wakaupata kwenye gari bovu lililolala gereji, ule mkanda wa abiria. Ikabaki kupata uzito. Alijaribu mawe, siku ya pili yakatoboa pipa, likazibwa. Akafikiria maji, lakini kijijini kwao bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki, na mtu anayeonekana akivuta maji kwenda msituni bila sababu anatafuta ugomvi na mtaa mzima.

Akakumbuka kanisa lao lilikuwa linajenga. Nyuma ya jengo kulikuwa na lundo la mchanga lililoletwa na lori kutoka tambarare, na ufunguo wa uzio wa ujenzi ulikuwa kwa mzee mmoja wa kanisa. Mzee huyo alijulikana kwa kitu kimoja: hakuna msumari uliowahi kupotea mikononi mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Mkunde. Mbona na pipa? Leo maji hakuna."

"Sikufuata maji. Naomba viroba viwili vya mchanga."

"Unajenga?"

"Hapana. Nauvuta kwa barabara mpaka pale msitu unapoanzia."

"Halafu unaufanyia nini huko?"

"Hakuna. Kuuvuta ndiyo kazi yenyewe. Ni mazoezi."

Mzee akamtazama, akalitazama pipa, akaurudia uso wake. "Mama Mkunde, nyumbani kuna amani?"

Akamweleza yote, tangazo na barafu na kiuno. Mzee hakuelewa, lakini alimheshimu. Akafungua uzio.

"Chukua. Lakini mchanga urudi wote. Lori halipandi huku kila siku, na mafundi wanauhitaji. Ulichotoka nacho hapa, kirudi hapa, siku hiyo hiyo."

Ndivyo alivyoanza. Siku tano kwa wiki, akishamaliza kukatia ng'ombe majani, anafunga mkanda. Kilo arobaini za mchanga kwenye nusu ya pipa, kilomita nne za mwinuko, udongo mwekundu. Waendesha bodaboda walimpungia mkono.

"Mama, hiyo pikipiki yako imekwisha mafuta?"

"Imekwisha. Niazime ya kwako."

"Ungemfunga baba watoto hapo mbele, mama!"

"Yeye ndiye yuko kwenye kiroba!"

Siku ya kwanza alifika juu akihema, akakaa kwenye gogo, akatazama chini alikotoka. Moyo ukajaa. Akajiambia, kumbe naweza. Kisha akaanza kurudi.

Wapendwa, hapo ndipo alipokiona cha moto. Kwenye kupanda, mzigo unakuvuta nyuma, unajua uko wapi. Kwenye kushuka, unakufuata, na unakufuata kwa haraka kuliko miguu yako. Hakufika mita mia mbili. Pipa lilimpiga visigino, akaanguka, likampita juu ya mguu, kamba zikakaza, likamburuta hadi kwenye mfereji wa barabara. Kiroba kimoja kikapasuka. Alikaa karibu saa nzima akiuzoa mchanga kwa viganja na kuutia kwenye kanga.

Mzee alimpokea mlangoni. Akauingiza mkono ndani ya kiroba, akausugua mchanga katikati ya vidole.

"Huu una udongo."

"Nilianguka, mzee."

"Pole sana. Chekeche ile pale."

Akauchekecha. Magoti yanavuja damu, anauchekecha mchanga wa kanisa.

Baada ya hapo alijifunza kwa kuumia. Alifunga kamba ya katani yenye mafundo chini ya pipa, ili wakati wa kushuka ikwaruze ardhi na kupunguza mwendo. Alijifunza kuacha pipa litangulie, yeye abaki nyuma na kamba kiunoni, ameegemea nyuma kama mtu anayemzuia fahali. Alijifunza kukata kona kwa kwenda kwa upande. Mwezi wa pili ulipokwisha, alikuwa haangalii tena pipa. Aliusikiliza mkwaruzo wake, na ukibadilika alijua linataka kukimbia kabla halijakimbia. Lakini kila jioni magoti yalimuuma, na kupanda kwake kulikuwa kwa taratibu, kwa sababu mtu anayejua atashuka na mzigo hatumii nguvu zake zote njiani kwenda juu.

Jumamosi moja wakaja wanawake watatu kutoka mjini, nao walikuwa wameomba nafasi ileile. Walikuwa na sledi za dukani, mikanda ya dukani. Uzito wao ulikuwa madumu ya maji. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa mazoezi, dada mwenye pumzi ndefu na mdomo mchangamfu. Alimpita mama kwenye mwinuko akiimba. Mama alipofika juu akawakuta wanafungua madumu na kumwaga maji barabarani. Alitazama yale maji yanavyoingia ardhini, akauma meno.

"Dada, mnamwaga?"

"Tunamwaga, mama. Kazi ni kupanda. Kushuka na uzito ni kuua magoti bure. Na wewe mwaga huo mchanga, uteremke mwepesi kama sisi."

"Si wangu."

"Wa nani?"

"Wa kanisa."

Wakatazamana. Dada yule akacheka, si kwa ubaya. "Basi mwambie mchungaji magoti hayauzwi dukani."

Wakateremka na sledi tupu wakikimbia na kusukumana. Mama akabaki na viroba vyake. Jioni ile alikwenda kwa mzee na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mzee, niruhusu mchanga niuache kule juu. Ijumaa nitauteremsha wote kwa mara moja, kwa mkokoteni."

"Na Jumanne mafundi wapige lipu kwa kitu gani?"

"Wenzangu wananiacha, mzee. Nimebakiza wiki sita."

"Mama Mkunde, kamati ikiniuliza mchanga uko wapi, niseme umepanda mlima?"

Mama akaliokota pipa lake. Aliondoka bila kuaga, na kwao kule kuondoka mbele ya mzee bila kuaga si jambo dogo.

Niwaulize. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Barabara ile haina mtu. Msitu uko pale pale. Ungeupunguza kidogo? Kopo moja leo, kopo moja kesho? Nani angejua?

Mama aliwaza hivyo, tena si mara moja. Aliamini kabisa kwamba mzee yule na lundo lake ndio watakaomkosesha safari. Lakini kila asubuhi alifunga mkanda, na kila siku mchanga ulirudi wote.

Siku ya majaribio walikuwa wanawake kumi na wanane. Walipelekwa kwenye mteremko mkali wenye changarawe, mwendo wa saa mbili kutoka chini hadi juu. Kila mmoja alipewa sledi na kilo arobaini. Msimamizi alikuwa kiongozi wa msafara, mama wa makamo aliyekwenda milima ya barafu mara nne na aliyezungumza kama mtu anayelipia kila neno.

"Pandeni," alisema.

Wakapanda. Yule mwalimu wa mazoezi alifika wa kwanza, tena kwa mbali. Mama alifika wa tisa.

Wa tisa, wapendwa, na nafasi ni mbili. Alifika akawakuta wenzake wamelala chali, wanacheka, wanapigana picha. Alifungua mkanda kiunoni. Akaketi juu ya jiwe, akaanza kupanga maneno atakayosema akirudi kijijini. Aliona tayari uso wa yule mtu wa harusini. Aliona wale waendesha bodaboda. Alisema moyoni, miezi minne, kisha wa tisa.

Kiongozi akatazama saa yake, akaandika kitu kwenye daftari.

"Hongereni. Mmepata joto la mwili. Sasa majaribio yanaanza. Shukeni."

Mtu akauliza, "Mizigo tunaiacha hapa?"

"Mzigo ni chakula chako na hema lako. Ukiuacha juu utalala wapi?"

"Lakini hatukuambiwa kushuka nayo."

"Mlimani nako hamtaambiwa. Kule ninakowapeleka, wanaoumia wakipanda ni wachache. Nimewabeba walioumia wakishuka. Wawili wa kwanza kufika chini, mzigo ukiwa mzima, ndio wanaokwenda."

Mama Mkunde alikuwa amekwisha kusimama. Wenzake bado wanauliza maswali, yeye anafunga mkanda. Alikata kipande cha kamba ya akiba, akakipiga mafundo manne, akakipitisha chini ya sledi. Akaigeuza itangulie. Akaegemea nyuma. Akaanza.

Nyuma yake wengine wakatoka mbio, wakampita, na mara pakatokea vurugu. Yule mwalimu wa mazoezi alitoka mbio, maana ndivyo alivyozoea kuteremka, na mzigo ukamfuata. Hatua thelathini tu, sledi ikampiga miguu, yeye huku, sledi kule, vitu vimetapakaa kwenye changarawe. Mwingine yake ilimzunguka mpaka kamba zikamfunga mapaja. Mwingine aliiachia kabisa, ikaenda peke yake hadi kwenye miiba. Kulikuwa na kelele za "mae! mae!" kila upande, kama watu wanaomwita mama mzazi.

Na mama yetu? Anashuka. Hakimbii. Anausikiliza mkwaruzo. Pale mteremko ulipoinama sana alikata upande wa kushoto, kisha wa kulia. Alimpita wa nane, akampita wa tano, akampita wa pili. Alipomfikia yule mwalimu wa mazoezi, aliyekuwa ameketi ameshika goti, alimwambia bila kusimama, "Dada, iache itangulie! Wewe kaa nyuma, egemea!" Dada akafuata, akaweza kushuka kidogo kidogo hadi chini, wa sita.

Mama Mkunde alifika wa kwanza. Aliyemfuata alikuwa bado nusu ya njia. Kiongozi, aliyekwisha kuteremka kwa gari, aliufungua mzigo, akaukagua kitu kwa kitu. Mzima. Akafunga daftari.

"Umejifunzia wapi kushuka?"

"Kwenye mchanga wa kanisa."

Mwalimu wa mazoezi alipofika, kiatu mkononi, alikuwa amelisikia jibu lile kwa watu. Akamshika mama begani. "Mama, hilo kanisa lenu lina ibada ngapi Jumapili? Nihamie!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kijijini alipokelewa kwa vigelegele kuanzia barabara kuu. Waendesha bodaboda wale wale walimtangulia wakipiga honi. Mzee wa kanisa alisimama kwenye uzio, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hongera sana, mwanangu, umetupa heshima. Kisha akamuuliza vile viroba viwili vya juzi amevirudisha saa ngapi, maana yeye hakuwepo. Mama akapiga goti kidogo, akamwomba radhi kwa siku ile aliyoondoka bila kuaga. Mzee akasema hakumbuki siku yoyote ya namna hiyo.

Siku ya kumi na saba ya safari ile, juu ya mlima wa barafu, mama aliyekuwa akiishia kambini alisimama kileleni. Hapakuwa na mahali pa juu zaidi ya pale alipokanyaga. Alipiga vigelegele mpaka wenzake waliokuwa kwenye kamba wakageuka. Na waliporudi kambini kuchukua sledi zao, upepo ukiwa umewageuka, kiongozi alimweka mama nyuma kabisa, mahali anapokaa mtu wa kuzishika sledi zisiwakimbie walio mbele. Watu saba walipanda. Watu saba walifika chini, kwa miguu yao, kila mmoja na mzigo wake.

Sasa tuje kwetu.

Sisi tunajua kuomba tupande. Tunafunga tupate kazi, tupate cheo, mtoto afaulu, nyumba iishe. Hilo si dhambi. Lakini ni nani hapa aliyewahi kufunga siku tatu aombe neema ya kushuka? Na wote tutashuka. Kustaafu ni kushuka. Uzee ni kushuka. Kuuguliwa na mtu uliyezoea kumtegemea ni kushuka. Kumwambia mtoto wako "nilikosa, nisamehe" ni mteremko mkali kuliko wote. Mbona tunaumia hapo? Mwenyekiti wa kwaya anapumzishwa baada ya miaka tisa, Jumapili inayofuata hatumwoni. Baba amestaafu, sasa anawaita mke na watoto kwenye kikao kila asubuhi, na anataka muhtasari!

Tunaumia kwa sababu tukifika juu tunamwaga. Tulipanda na sala, tukapanda na heshima kwa watu, tukapanda na uaminifu. Tukishapata, tunafungua dumu. Tunasema kazi imekwisha. Halafu siku ya kushuka inakuja, na tuna mzigo tusiojua kuushika.

Na vile tulivyobeba si vyetu. Watoto tumekabidhiwa. Ofisi tumekabidhiwa. Hata hii pumzi. Mwenyewe atataka virudi, na atauliza kama vimerudi vyote. Ndugu yangu, lile sharti unalolinung'unikia leo, bosi anayetaka hesabu ya kila kitu, mama mkwe asiyekuruhusu ulegee, mgonjwa anayekuhitaji saa ileile kila siku, umekwisha kuamua kwamba ndilo linalokuchelewesha. Una uhakika? Yule mzee hakuwa nabii. Alikuwa anataka mchanga wake tu. Mungu alimtumia vivyo hivyo.

Bwana wetu naye alikuwa juu, na alishuka. Hakumwaga kitu njiani.

Kwa hiyo leo tufanye jambo ambalo hatujazoea. Akipandishwa mtu cheo huwa tunampigia vigelegele hapa mbele, na ni vizuri. Leo namtafuta anayeshuka. Kama mwezi huu unakabidhi ofisi, simama. Kama duka limefungwa na umerudi kulima, simama. Kama daktari amekwambia jambo na bado unakuja kuimba sauti ya tatu kila Jumapili, simama. Usione haya. Namwona mmoja. Namwona baba pale nyuma. Mama, achia benchi, simama wima tukuone. Wengine wanaongezeka, Bwana asifiwe, wanaongezeka. Watazameni vizuri, hawa wanashuka na hawajamwaga.

Kanisa, vigelegele viko wapi?